Muulize Nesi: Nilitoa figo, sasa naambiwa nina kansa

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa watu waliotoa figo ama wanaotaka kutoa, na mimi nimefurahi manake kwa muda mrefu barua za figo zinazofika hapa ni za wagonjwa tu, wale wanaooshwa damu, na yule aliyempa ndugu yake figo hatumsikii tena. Mgonjwa ana kliniki, ana kadi, ana namba ya faili. Aliyetoa anarudi nyumbani na kovu lake na ndo basi, hakuna anayempigia simu. Nimezitenga barua hizo nizijibu pamoja, majina nimeyatoa nimeacha mitaa tu.

Salaam aleikum dada nesi. Dadangu mkubwa yuaoshwa damu mara mbili kwa wiki, huu mwaka wa pili, na katika kupimwa familia nzima mimi ndiye niliyepatikana tunaingiana. Nina miaka 34, sina presha wala sukari. Niko tayari lakini mamangu analia kila siku, asema nikitolewa figo ntapata kansa na uzee sitauona, asema atatuzika wote wawili. Nimwambie nini? — Kijana wa Likoni

Waaleikum salaam kakangu. Kwanza mamako usimgombeze. Mtoto mmoja anaumwa na anaombwa amtoe na mwengine akapasuliwe akiwa mzima, hilo ni zito kwa mzazi yeyote, kwa hivyo keti naye umueleze polepole, na ikiwezekana nenda naye kliniki akamsikie daktari mwenyewe.

Habari ya kansa: hakuna ushahidi madhubuti kuwa kutoa figo kwaleta kansa. Figo iliyobaki haigeuki kuwa kansa kwa kuachwa peke yake. Tena kabla ya kukubaliwa utapimwa sana, damu, mkojo, kifua, skani ya tumbo na ya mishipa ya figo, na wale wenye umri mkubwa wapimwa na kansa za umri wao, tezi dume, matiti, mlango wa kizazi. Kuna watu waligunduliwa uvimbe mdogo katika vipimo hivyo hivyo vya kutoa figo wakatibiwa mapema.

Kuhusu uzee mwambie mamako kisa cha Ronald Herrick, ndiye aliyempa pacha wake figo huko Boston tarehe 23 Desemba 1954, upandikizaji wa kwanza wa figo uliofaulu duniani, daktari akiwa Joseph Murray ambaye baadaye alipewa Nobel mwaka 1990. Ronald alikuwa na miaka 23 siku ile. Alifariki 2010 akiwa na miaka 79.

Lakini sitakuficha kitu kwa sababu wataka kuamua ukiwa macho. Operesheni yenyewe, utafiti wa Marekani wa mwaka 2010 ulionyesha wanaokufa ndani ya siku 90 ni kama 3 katika kila 10,000. Na hatari ya baadaye, ile ya figo yako wewe kufeli, ipo, ni ndogo lakini ipo. Utafiti mwengine wa 2014 uliofuata watoaji zaidi ya 96,000 huko huko Marekani ulikuta baada ya miaka 15 waliofeli figo ni kama 31 katika kila 10,000, na watu wazima wenye afya kama yao ambao hawakutoa ni kama 4. Kwa watoaji weusi ilikuwa kama 75, na weusi ambao hawakutoa kama 24. Sehemu ya hiyo tofauti yahusishwa na jeni iitwayo APOL1 ambayo imeenea zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika Magharibi, huku kwetu si nyingi kama huko, lakini isikufanye ulale.

Sasa swali ambalo hukuniandikia na ndilo kubwa kwangu: figo za dadako ziliharibiwa na nini? Kama ni presha au sukari ya ukoo, au ule ugonjwa wa figo kujaa vifuko vya maji ambao warithiwa, basi na wewe uko kwenye ukoo huo huo na ni lazima daktari alichunguze hilo kabla hajakuambia ndiyo. Ukiwa na miaka 34 waweza kuwa mzima leo na ugonjwa wa ukoo haujafika. Uliza hivyo hivyo bila haya. Na ukikubaliwa, kabla ya kutia sahihi uliza nani atakayekupima wewe mwaka ujao na mwaka wa baadaye, na wakikuambia njoo ukiumwa, hilo si jibu, kwa sababu figo huharibika kimya kimya bila ya maumivu. Wataka kupimwa kila mwaka maisha yako yote: presha, kreatinini (taka ya kwenye damu inayoonyesha figo zinavyochuja), na protini kwenye mkojo. Vitu vitatu, asubuhi moja yatosha.

Dada nesi, nakuandikia usiku kwa sababu silali. Nina miaka 52. Mwaka 2013 nilimpa kakangu figo, tulifanyiwa nje ya nchi, na alhamdulillah yeye mzima mpaka leo. Mwezi uliopita nimeambiwa nina kansa ya mlango wa kizazi steji ya pili. Daktari asema ntapigwa mionzi wiki tano na kila wiki kemo. Sikumwambia nina figo moja, hakuniuliza, na kovu langu liko chini huku dogo sana. Kipimo cha damu kreatinini imeandikwa 98 na alama ya kuwa iko juu. Naogopa nikisema watanikatalia dawa. Mwanangu ataka nikajaribu majani kwanza. Na wifi yangu mmoja amesema nilijiponza mwenyewe. — Mama wa Kisauni

Pole sana mamangu, pole kwa ugonjwa na pole kwa hayo maneno. Nianze na la wifi ili tulimalize. Kansa ya mlango wa kizazi yaletwa na virusi viitwavyo HPV, ndivyo hivyo ambavyo wasichana wa miaka 10 wachanjwa hapa Kenya tangu 2019. Haihusiani na figo uliyotoa. Hukujiponza, ulimuokoa kakako.

Sasa la kusema. Sema. Kesho. Usingoje siku ya kliniki, piga simu ama mtume mwanao na karatasi imeandikwa kwa herufi kubwa MGONJWA ANA FIGO MOJA, ALITOA MWAKA 2013. Ntakueleza kwa nini nakukazia hivi.

Dawa ambayo kawaida hupewa pamoja na mionzi kwa kansa yako yaitwa sisplatini, na hiyo hutoka mwilini kupitia figo, na inapopita yaweza kuunguza vijifereji vya ndani vya figo. Ndo maana siku ya kemo huoni mtu anaingia na kufungwa dawa hapo hapo. Nesi akufungia maji ya chumvi kwanza, lita moja au mbili, mara nyingi yametiwa magnesi na potasi, na pembeni ya kiti chako kuna jagi la plastiki lenye mistari, kila ukienda chooni wakojoa humo na sisi twasoma na kuandika saa ngapi na mililita ngapi. Mkojo usipotoka wa kutosha, dawa haifungwi, chupa yaweza kukaa mezani imeshachanganywa na twampigia daktari. Hayo yote ni kwa ajili ya figo. Na ile fomu ya kemo juu yake mara nyingi huwa na nafasi ya urefu, uzito na kreatinini, hesabu ya dosi inatoka hapo, lakini sijaona kisanduku cha kuuliza una figo ngapi. Usiposema wewe hakuna karatasi itakayokusemea.

Halafu kuna jambo la pili ambalo kwangu mimi ni kubwa kuliko hata dawa. Mlango wa kizazi umekaa jirani kabisa na mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo kuja kwenye kibofu. Uvimbe ukitanuka waweza kuuminya mrija. Mwenye figo mbili mrija mmoja ukiminywa ile figo nyengine yaendelea kufanya kazi na huenda hata asijue. Wewe huna ile nyengine. Mrija wako ukizibwa mkojo wakatika, na ndani ya siku chache mtu yuko taabani. Kwa hivyo omba ultrasound ya figo kabla ya kuanza chochote, waangalie kama figo imetuna kwa maji, na hata baadaye katikati ya matibabu, ukiona mkojo umepungua ghafla au umekatika au una maumivu ubavuni nenda hospitali usiku huo huo, usisubiri asubuhi. Ukizibwa kuna njia, wanapitisha mpira mwembamba ndani ya mrija ama watoboa mgongoni mkojo utokee hapo kwa muda, na figo yapona ikiwahiwa.

Hiyo kreatinini ya 98. Kwa mwanamke wa miaka 52 hesabu yake yatoa uchujaji wa figo (mililita za damu zinazosafishwa kwa dakika) wa kama 60 hivi. Mtu asiyejua habari yako ataona namba hiyo aseme una ugonjwa sugu wa figo, lakini aliyetoa figo ndivyo anavyotakiwa awe, figo iliyobaki hukua kidogo na kuongeza kazi mpaka ikafika kama asilimia 60 au 70 ya kazi ya zile mbili za mwanzo, haifiki mia. Kwa hivyo tafuta vipimo vyako vya zamani, vya mwaka baada ya operesheni na vya miaka iliyofuata kama unavyo. Kama 2014 ilikuwa 95 na leo 98, figo yako imetulia miaka yote hii. Kama ilikuwa 75, basi kuna kitu kinaendelea na kitafutwe. Namba moja peke yake haisemi, na hapa kuna hatari za pande mbili, daktari asiyejua akupe dosi nzima bila tahadhari, au daktari aliyejua akaogopa sana akakupunguzia dawa pasipo na haja. Zote mbili zitakuumiza.

60 ni kwenye mpaka. Vituo vingi hutaka uchujaji uwe 50 au 60 kwenda juu ndo watoe sisplatini. Waweza kuomba kipimo cha uhakika zaidi kuliko hesabu, kuna ule wa kukusanya mkojo masaa 24 kwenye galoni na kuna wa sindano yenye chembe za mionzi kwa hospitali zenye mashine. Baada ya hapo daktari wa kansa na daktari wa figo wazungumze wao kwa wao, usiwe wewe ndio mjumbe wa kubeba maneno. Waweza kuamua wakupe sisplatini na maji mengi na vipimo vya damu kila wiki, waweza kubadilisha kwa kaboplatini ambayo ni mpole zaidi kwa figo na dosi yake yapigwa kulingana na uchujaji wenyewe, au wakasema mionzi peke yake.

Na wakisema mionzi peke yake usione kama umetupwa. Nguzo ya matibabu yako ni mionzi, ile ya nje na ile ya ndani inayofuata. Tafiti nyingi zilipokusanywa pamoja mwaka 2008 zilionyesha kuongeza kemo kwapandisha walio hai baada ya miaka 5 kutoka kama 60 hadi 66 katika kila 100. Hao sita ni watu na sitaki uwakose bila sababu, lakini waona mwenyewe kuwa hao 60 wamebebwa na mionzi.

Mwambie na mwanao, kwa upendo, majani hapana. Mionzi yatakiwa imalizike yote ndani ya wiki nane hivi tangu ianze, na kila wiki ya kujaribu majani kabla ya kuanza uvimbe nao wakua. Tena kwako wewe majani ni hatari mara mbili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Ubelgiji wanawake walipewa dawa za mitishamba za kupunguza mwili zilizokuwa na mmea wenye asidi ya aristolokia, zaidi ya 100 waliharibikiwa figo na baadhi yao baadaye wakapata kansa ya njia ya mkojo. Hawa walikuwa na figo mbili.

Kuna dawa nyengine zaweza kuumiza figo, kwa hivyo ukienda skani ya CT waambie una figo moja kabla hawajakudunga dawa ya rangi. Ukipata homa ya kemo na wakataka kukupa jentamaisini, dawa ya kuua bakteria, waambie. Ukipewa dawa ya maumivu uliza kama ni diklofenaki. Na mtu akusindikize kila siku ya kemo ambaye analijua hilo la figo, kwa sababu siku nyengine utakuwa umechoka hata kusema hutaki. Kadi ya SHA, bima ya afya ya serikali, hakikisha imelipiwa kabla ya kuanza ili usikatizwe katikati, kwa sababu mionzi haitaki kukatizwa. Niandikie tena walipofikia.

Nesi mimi ndiye niliyempa mdogo wangu figo miaka tisa iliyopita. Sasa amepatikana na kansa ya tezi, limfoma. Watu wa nyumbani wananong'ona kuwa figo yangu ndiyo ilikuwa na kansa. Nakula siwezi. Mimi sina ugonjwa wowote ninaoujua. — Msomaji wa Majengo

Kakangu, hapana, na wasomee jibu hili hao wanaonong'ona.

Mtu aliyepandikizwa figo anakunywa dawa kila siku za kuuzuia mwili usiikatae, takrolimasi na wenzake, na dawa hizo zafanya kazi kwa kuwatuliza askari wa mwili. Askari hao hao ndio wanaozuia virusi na chembe za kansa. Kwa hivyo waliopandikizwa kwa jumla wana hatari ya kansa mara mbili au tatu kuliko watu wengine, na limfoma ni mojawapo ya zinazojulikana sana, mara nyingi nyuma yake kuna kirusi kiitwacho Epstein-Barr ambacho karibu sote twakipata utotoni na hutulia mwilini. Askari wakilazwa, kirusi chaamka. Hata Kaposi, ile ya madoa meusi ya ngozi ambayo watu huifikiria ni ya ukimwi tu, yatokea kwa waliopandikizwa kwa njia hiyo hiyo.

Kansa kusafiri ndani ya figo kutoka kwa mtoaji ni jambo nadra sana, na ikitokea mara nyingi huonekana mapema, haingoji miaka tisa huku wewe mwenyewe ukiwa mzima. Ila wajibu wako upo mmoja: kama ingekuwa wewe ndiye umepatikana na kansa baada ya kutoa, hasa miaka ya mwanzo, ingebidi madaktari wa mdogo wako waambiwe. Na yeye kama kuna swali lolote wanaweza kuipima ile kansa na kujua chembe zake ni za nani, kwa hivyo hakuna haja ya kunong'ona wakati maabara yaweza kusema.

Nenda naye kliniki. Mara nyingi hatua ya kwanza ya kutibu limfoma ya aina hii ni kupunguza zile dawa za kutuliza mwili, na hapo yawa mizani ngumu, ukipunguza sana figo yaweza kukataliwa. Huenda akaipoteza hiyo figo katika kuokoa uhai wake. Nakuambia sasa ili siku hiyo ikifika usije ukaona umetoa bure. Miaka tisa nje ya mashine, amefanya kazi, amelea watoto wake, hiyo umempa na hakuna wa kuichukua. Nawe kapime vyako vya mwaka, sina shaka umevisahau kwa ajili yake. Na chakula ule.

Assalam aleikum. Nina miaka 67, nilimpa mwanangu figo nikiwa na 50. Magoti yananiuma sana, duka la dawa hapa wananipa vidonge vya njano na wakati mwengine sindano na napata nafuu. Pia nauliza kuhusu kufunga, Ramadhani hii wanangu wanataka nisifunge. — Mzee wa Mji wa Kale

Waaleikum salaam babangu. Hivyo vidonge wende navyo hospitali au umpe kijana apige picha ya pakiti, kwa sababu dawa nyingi za magoti madukani ni diklofenaki, Brufen na za jamii hiyo, na hizo zaminya mishipa inayopeleka damu kwenye figo. Kijana wa miaka 20 mwenye figo mbili akimeza siku mbili tatu si neno. Wewe na miaka 67 na figo moja, ukimeza kila siku miezi na miezi, huku pengine una na dawa ya presha, hiyo ndiyo njia ya kufika kwenye mashine ya kuosha damu bila kujua umepitia wapi. Acha hizo. Paracetamol kwa kiasi kilichoandikwa inafaa, na goti lenyewe liangaliwe, mazoezi ya fiziotherapia, kupunguza uzito kama upo, mafuta ya kuchua kama yana diklofenaki uliza kwanza. Na mwambie muuza dawa mara moja awe anajua: mzee huyu ana figo moja. Sindano ya dukani usidungwe tena.

Kufunga sitakukatalia wala sitakuruhusu kwa barua. Mwenye figo moja iliyo nzima, presha imetulia, hana sukari, madaktari wengi humruhusu, lakini apimwe kabla ya mwezi kuingia na tena katikati. Kama vipimo si vizuri basi dini imekupa ruhusa na imamu wako atakueleza vizuri kuliko mimi. Ukifunga, daku usiliache hata ukiwa huna njaa, kunywa maji tangu futari mpaka daku taratibu taratibu, si glasi tatu kwa mpigo dakika ya mwisho, na zile achari na viazi karai vya chumvi viwe vichache kwa sababu vyakukausha mchana na vyapandisha presha. Kukiwa na joto lile la Pwani na wewe umeona kizunguzungu au mkojo umekuwa kama chai ya rangi, fungua.

Dada, nilimpa mamangu figo nikiwa na miaka 25, sasa nina 28 naolewa mwezi wa nane. Upande wa mume umesikia, wanauliza kama ntazaa. — Binti wa Changamwe

Hongera mwanangu, utazaa inshallah. Waliotoa figo wanazaa na watoto wazima. Kilicho cha kweli ni kwamba presha ya mimba na kifafa cha mimba huwapata zaidi, utafiti wa Canada wa 2015 ulikuta 11 katika mimba 100 za waliotoa, na 5 kwa wasiotoa. Kwa hivyo pima presha, mkojo na kreatinini kabla hujashika mimba, anza kliniki mapema sana usingoje mwezi wa tano, waambie kutoka siku ya kwanza wakuandikie kwenye kitabu cha kliniki ukurasa wa mbele, na uliza kuhusu aspirini ile ndogo ya kuzuia kifafa cha mimba. Kujifungulia nyumbani kwa mkunga, kwako wewe hapana. Kichwa kikiuma sana, macho yakiona nyota, miguu na uso vikivimba, usilale na hilo. Na hao wa upande wa mume waambie aliyempa mamake figo watapata wapi mkwe bora.

Kuna jamaa ataka kuninunulia figo, asema ni mtu mmoja tu wa nje na pesa nzuri. — (mtaa ameficha)

Usifanye. Kuuza kiungo ni kosa kwa sheria ya Kenya, Sheria ya Afya ya 2017 yataka utoe kwa hiari yako bila malipo. Lakini hata tuweke sheria kando: soma barua ya huyo mama wa Kisauni uone mtoaji anachohitaji miaka kumi baadaye, vipimo vya zamani, karatasi ya operesheni, daktari wa kumuuliza. Anayenunua figo hakupi faili. Wewe utabaki na kovu na simu ambayo haipokelewi, na siku utakapougua hutaweza hata kueleza ulifanyiwa nini na nani. Kama ni shida ya pesa inakusukuma, niandikie tena nikuelekeze kwa watu wa ustawi wa jamii. Kama ameshakushika au amechukua kitambulisho chako nenda polisi leo.

Mimi ni mtu wa Kwale nafanya kazi huku bandarini. Nilimpa babangu figo 2018. Siku hizi mkojo wa mwisho unatoka na damu kidogo, hauumi. Nyumbani tunasema ni kichocho tu cha mabwawa, wengi utotoni tumekipata. Naogopa ni kansa. — Mfanyakazi wa Shimanzi

Kichocho si "tu", kakangu, na kwako wewe hata zaidi. Mayai ya kichocho yakikaa miaka kwenye kibofu hukikausha na kukitia makovu, kovu likifika pale mrija wa figo unapoingilia laziba, na miaka mingi ikipita kibofu chaweza kupata kansa, hiyo inajulikana kabisa na sehemu za Pwani yetu kama Kwale, Kilifi na Tana River zina kichocho cha aina hiyo. Halafu damu kwenye mkojo isiyouma kwa mtu yeyote, mwenye figo mbili au moja, ni ya kuchunguzwa mpaka ijulikane ilipotoka. Yaweza kuwa kichocho, yaweza kuwa mawe, yaweza kuwa uvimbe wa kibofu au wa figo yenyewe. Hata ikiwa uvimbe wa figo, siku hizi wakiupata mdogo wanakata uvimbe peke yake na figo inabaki, na kwa mwenye figo moja ndivyo wanavyojitahidi.

Mkojo wa kichocho upelekwe mchana, kati ya saa nne asubuhi na saa nane, manake mayai hutoka kwa wingi saa hizo, na ukiweza panda ngazi au kimbia kidogo kabla ya kukojoa. Omba na ultrasound ya figo na kibofu, na kreatinini. Ikiwa ni kichocho dawa yake ni prazikwanteli, wameza kwa uzito wako, haina shida na figo yako. Ukishameza mkojo upimwe tena baada ya mwezi mmoja au miwili, na damu ikiwa bado ipo usikubali kupewa dawa hiyo hiyo mara ya tatu, wataka kuingizwa kamera kwenye kibofu. Kama wavuta sigara acha sasa hivi, ni mojawapo ya sababu kubwa za kansa ya kibofu. Hospitali ya Makadara kuna kliniki ya mkojo na kuna kitengo cha figo hapo hapo, chukua ruhusa kazini wiki hii, na ukifika dirishani neno la kwanza kabla hata ya jina lako liwe nina figo moja na nakojoa damu.